Soksi ya Shitingi ya Mama Donata

Mama Donata hakupendaka kitu yenye kupasuka. Ukimupelekea suruali yenye imeachama ku matako, anakutukana kwanza, anakuuliza kama unakaliaka misumari, kisha anaishona na uzi mara mbili. Wewe njo utakufa kabla ya ile suruali.

Jina yake ya mzima ni Donatille Nyiramahirwe. Mashini yake ilikuwa ku baraza ya duka moja kule kwetu Mapendo, ndani ya Goma, na hakukuwa mutu wa kushona shitingi kama yeye. Shitingi, ile plastiki nzito yenye ilikuya Goma mwaka ya 94 pamoja na wakimbizi. Wakimbizi wengine walirudi kwao, wengine walikufa na kolera, lakini shitingi yenyewe haikurudi fasi yoyote. Ilibakia na sisi. Paa, shitingi. Mulango ya choo, shitingi. Kabegi ya shule, koti ya mvua, hema ya kilio, yote shitingi. Vita ilipofukuza Mama Donata ku Masisi na mutoto ku mugongo, alilala chini ya shitingi. Volcan, ile mulima ya moto, ilipokula nyumba yake, akalala tena chini ya shitingi. Alikuwa anasemaka: "Kitambaa ni ya harusi. Shitingi ni ya maisha."

Ule mutoto wa ku mugongo anaitwa Umutesi. Alikomaa, akawa mureefu na mupole, si kama mama yake. Akaolewa na muchungaji moja, Ndagijimana, kule juu ku malisho ya ng'ombe, fasi inaitwa Kabandiro. Mwaka ya 2012 vita ikapanda mpaka kule. Watu wa bunduki wakachukua Ndagijimana awabebee mizigo yao. Mpaka leo hajarudi, na mutu asinidanganye eti atarudi. Umutesi akabakia peke yake na mimba.

Mimba ikafika mwisho yake. Siku moja sauti ikatoka Kabandiro ku foni, ile radio ya santé, kituo ya afya. Muganga wa kule alikuwa anasema: mutoto amelala kimusalaba ndani ya tumbo, Umutesi hawezi kuzaa peke yake, apelekwe Goma wamupasue. Kama hapana, watakufa wote wawili.

Ni rahisi kusema apelekwe Goma. Barabara ilikuwa imekatwa na mapigano. Watu wenye miguu nzima walikuwa wanapita ku tunjia twa ng'ombe, wanapanda, wanashuka, wanajificha. Sebahire, muuza fromage, ile jibini ya kule, alikuwa anapita hivyo kila juma na kikapo yake ku kichwa. Lakini mwanamuke mwenye tumbo ya vile? Ilibakia ndege tu. Kabandiro iko na kiwanja kidogo cha majani, fasi ndege ndogo ilikuwa inatuaka kuchukua fromage na maharagi kabla ya vita.

Mama Donata akavaa liputa, kitenge yake ya misa, akaenda kuona Zihindula. Huyu Zihindula alikuwa anatafutia ile ndege wasafiri na mizigo. Kijana wa miwani nyeusi, simu mbili, muzigo haubebe yeye, mudomo tu.

"Mama, ndege haiende tena Kabandiro," alimuambia. "Piloti, Komanda Julien, amekataa."

"Amekataa juu ya nini? Anaogopa risasi?"

"Risasi haogope. Anaogopa upepo. Kule soksi imekwisha."

"Soksi ya nani?"

Zihindula akacheka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa fulani ya rangi ya machungwa, imepasuka-pasuka kama nguo ya kichaa. Ilikuwa kama soksi ya jitu, imetobolewa mbele na nyuma. Wanaifungaka ku muti mureefu pembeni ya pisti, fasi ndege inatuaka. Upepo inaingia ndani, inaifura, na piloti akiwa juu anaangalia: imeelekea wapi, imesimama ao imelala. Njo anajua namna ya kushuka.

Mama Donata akaishika na vidole mbili kama panya ya kufa.

"Hii njo munawekaka ku upepo? Hii ni buibui!"

"Njo hivyo. Haikumaliza hata musimu moja ya mvua. Utaweza kushona ingine?"

"Nikishona, mutoto wangu atapanda?"

"Shona yenye nguvu, mama. Soksi ikiwa pale, Julien ataenda, na mutoto wako atapanda. Na wewe mwenyewe utakaa ku kiti ya mbele kama bibi ya gavana."

"Muache gavana na bibi yake. Nipatie ile buibui nipime."

Alishona siku nzima, hata chakula hakugusa. Alikuwa anatukana kila mutu mwenye anapita karibu. Alichukua shitingi mupya, akaikunja mara mbili, akashona na uzi ya viatu. Ku mudomo akaweka duara ya chuma ya ndoo. Wakati alimaliza, aliita vijana wawili wenye nguvu wavute, mumoja huku, mumoja kule. Walivuta mpaka wakaanguka na matako. Haikupasuka. Watu wakapiga mikono. Na yeye, kwa mara ya kwanza tangu ile habari ya foni, akacheka.

Zihindula aliiangalia, akasema "ça va", akarudia simu yake. Huyu mutu alikuwa anashinda ku uwanja na mapiloti kila siku. Kama kuna mutu alipaswa kusema kitu, ni yeye. Hakusema kitu. Sebahire akaiweka ndani ya kikapo yake, akapanda nayo Kabandiro, na watu wa kule wakaifunga ku muti. Foni ikaita: soksi iko juu, na Umutesi ameanza kusikia uchungu. Mukuye mbio.

Julien alikuwa Mukongomani, kijana bado, mwenye kuchekesha watu. Alipanga asubuhi, lakini mawingu ilifunika milima, wakangoja. Iliachilia tu wakati jua ilikuwa imepanda sana. Ndani ya ndege kulikuwa yeye, Mama Donata, magunia ya chumvi na makartoni ya dawa. Mama Donata hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Alikuwa ameshika kila kitu yenye ilikuwa mbele yake.

"Mama, achilia hiyo. Ile njo usukani."

"Kama ni usukani, mbona inatetemeka?"

"Inatetemeka juu ya woga yako."

"We kijana, ukinimwanga huku nitakushonea mudomo."

Julien alicheka sana. Yeye mwenyewe alikuya kuniambia hii, kisha, na hakuwa tena anacheka.

Sasa musikie vizuri, juu hapa njo watu wanachanganyaka. Kabandiro ni kilima ya majani tu. Miti ilikwisha kitambo, ng'ombe na makala ya kupikia ilimaliza yote. Mapiloti wa zamani walikuwa wanaangaliaka moshi ya mapishi kujua upepo inaelekea wapi. Lakini vita ilifundisha watu kuzima moto muchana, juu moshi inaonesha fasi watu wako. Kwa hiyo chini hakukuwa na kitu ya kuonesha upepo. Ila ile soksi.

Julien akazunguka kiwanja. Soksi ilikuwa imening'inia, imenyooka chini ku muti, haitikisike.

"Ile njo yangu!" Mama Donata akapiga kelele. "Umeiona? Hata uzi moja haijatoka!"

"Nimeiona, mama. Kazi safi. Upepo imelala, tunashuka polepole kama watu wanaenda kupokea komunyo."

Upepo haikuwa imelala. Kule juu, jua ikisha kupanda, upepo inakuyaka kwa vishindo: inapiga, inapumuzika, inapiga tena. Ile kitambaa ya buibui ingekuwa inacheza hata wakati ya kupumuzika, piloti angejua kama kuna matata. Lakini shitingi mara mbili na chuma ya ndoo, hiyo inanyanyuka tu kama imepigwa kofi ya nguvu, kisha inaanguka, inanyamaza kama mutu mwenye hajui kitu. Julien alipita juu wakati ilikuwa imenyamaza.

Akashuka kama mutu anashukaka wakati hakuna upepo, mwendo kidogo, mabawa imefunguliwa yote. Ndege ndogo ikikaribia udongo haina tena nguvu ya kupigana. Walikuwa karibu kugusa majani wakati kishindo ilikuya kutoka pembeni. Bawa moja ikanyanyuka. Julien akavuta, akasukuma, akatukana kwa Lingala. Na pale pale upepo ikawaachilia, kama mutu mwenye alikuwa anakusukuma na anakimbia. Ndege ikaanguka kama gunia. Muguu moja ya mapira ikavunjika. Bawa ikachimba udongo, ndege ikazunguka, ikalala kimusalaba katikati ya pisti, elise, ile panga ya mbele yenye kuzunguka, imepindana kama ndizi.

Hakuna mutu alikufa pale. Julien alivunjika mufupa ya bega. Mama Donata alipasuka ku paji ya uso, chumvi ikamumwangikia kichwa yote. Alitoka ndani mweupe kama muzimu, damu ku macho, na neno yake ya kwanza ilikuwa: "Umutesi iko wapi?"

Umutesi alikuwa pale pale, pembeni ya pisti. Walikuwa wamemuleta ku kipoyi, ile kitanda ya mianzi yenye watu wanne wanabebaka ku mabega. Alikuwa ameona yote. Jasho ilikuwa inamutoka, na midomo yake ilikauka.

"Mama, umekuya."

"Nimekuya."

"Ndege imekufa?"

"Nyamaza. Usipoteze nguvu."

Watu wa Kabandiro wakakimbia na kamba za ng'ombe, wakafunga mukia ya ndege, wakavuta. Mukia ilisogea kidogo, bawa ikazidi kuzama. Muganga akaenda ku foni kuita Goma. Zihindula alimujibu: hakuna ndege ingine inaweza kutua juu ya ndege ya kwanza, muondoshe ile kwanza, na sisi tutaangalia. Kuangalia nini, we mujinga? Unaangalia mutu anakufa?

Wakati ule Julien alikuwa amesimama chini ya muti ya soksi, mukono moja umeshika bega. Upepo ikapiga. Soksi ikanyanyuka, ikakakamaa, kisha ikaanguka tap! Ikabakia imenyooka chini. Upepo ingali inapita ku majani, lakini soksi imelala. Aliiangalia mara mbili, mara tatu. Akaivuta na mukono wa muzima, akaigusa.

"Nani alishona hii takataka?" Alipiga kelele mpaka watu wote wakageuka. "Hii ni shitingi! Mara mbili! Nani huyu mwenda wazimu?"

Sebahire akaangalia chini.

"Ni mimi," Mama Donata akasema.

Julien alikuwa na matusi tayari ndani ya mudomo, ilimubakilia pale. Alimuona na damu yake na chumvi yake.

"Mama... hii kitu inatakiwa kuwa nyepesi. Nyepesi kabisa. Mutoto akipuliza, itikisike."

"Niliambiwa yenye nguvu."

"Ile yenye kupasuka njo ilikuwa mzuri."

 Watu wa Mapendo wenye wako wanasemaka eti Mama Donata aliua mutoto yake na sindano, mimi ningependa wasimame siku moja pale alisimama yeye, mbele ya mutoto yake, na watu wote wanaangalia. Nani kati yao alijua kazi ya soksi? Na wenye walijua walifunga mudomo. Nyinyi wote mulipiga mikono wakati vijana walianguka na matako.

Umutesi alikuwa amesikia yote. Akanyoosha mukono, akashika liputa ya mama yake.

"Ilikuwa mzuri," akasema. "Watoto walikuwa wanakuyaka kuiangalia."

Njo wakaamua kutembea. Sebahire alikuwa anajua tunjia. Wanaume wa Kabandiro wakapokezana ku kipoyi, wanne wanabeba, wengine wanapumuzika. Muganga hakuweza kuwaachilia wagonjwa wake. Alimuambia Mama Donata kando: "Musisimame mingi." Julien, bega yake imefungwa na kipande ya liputa, akafwata nyuma. Mutu mumoja akamuuliza kama hawezi kubakia ku ndege yake. Alisema hapana, bila maneno mingi.

Kule kwao, wakibeba mugonjwa, wanaimbaka. Wimbo inapatanisha miguu, na mugonjwa anajua bado iko na watu. Wakibeba maiti wananyamaza. Kila mutu ku milima anajua hii, na askari nao wanajua.

Waliimba ku mupando ya kwanza, wakaimba ku mushuko. Mvua ikanyesha, njia ikawa mafuta. Umutesi alikuwa analia wakati mutu anateleza, kisha akaacha kulia, akaanza kuuliza maulizo.

"Mama, ku Mapendo wako wanauza bado mikate ya mayai?"

"Wanauza."

"Utaninunulia?"

"Nitakununulia mpaka utapike."

"Mutoto akiwa mwanamuke, nitamupa jina yako."

"Usimuharibie maisha."

Umutesi alicheka kidogo. Sebahire alikuwa anabeba ku upande ya kichwa, alisikia ile kicheko. Mbele kidogo, ku bonde fulani yenye maji nyekundu, alisikia kitu ingine ku bega yake. Watu wenye kubeba kipoyi wanajua: mutu mwenye uzima anajishikilia hata kama amelala, anageukaka pamoja na njia. Sasa uzito ilikuwa imejiachilia yote. Alinyamaza. Mwenzake naye akanyamaza. Wimbo ikakatika, na Mama Donata mwenye alikuwa anatembea mbele akageuka.

Hakuna mutu alimuambia. Wakaweka kipoyi chini, ku majani ya pembeni. Mama Donata akapiga magoti ndani ya matope, akaweka sikio ku kifua, kisha ku tumbo. Alikaa na sikio ku tumbo wakati mureefu. Kisha akachukua liputa, akamupanguza Umutesi matope ku uso.

"Tunarudi," mumoja wa wabebaji akasema polepole. "Mama, utusamehe. Mutu akifia ku njia, tunamurudisha ku kilima tulimutoa."

"Kule iko na nani? Bwana yake hayuko. Atalala pale na ng'ombe za watu?"

"Mama, mbele kuna barrière ya askari. Maiti haipite. Wanasema watu wanafichaka bunduki chini ya wafu. Wataifungua, wataimwanga ku barabara. Tuliona wakifanya."

"Nilikuya kumutafuta nimupeleke Goma. Nitamupeleka Goma."

"Namna gani?"

Alifikiri. Akamufunika Umutesi mpaka ku kidevu, akamuacha uso inje, akamugeuza kichwa kidogo pembeni, vile mutu analalaka. Akasimama.

"Mumubebe. Na muimbe."

Walimuangalia kama kichaa. Sebahire njo alishika wa kwanza. Wengine wakashika nyuma yake. Wimbo ikatoka vibaya, sauti imekauka, lakini ikatoka. Julien hakujua ile wimbo. Alikuwa anafungua mudomo tu.

Barrière ilikuwa kamba imefungwa na makopo, na askari watatu chini ya kibanda ya manyasi. Mukubwa wao akasimama, bunduki ku tumbo.

"Ni nani huyo?"

"Mutoto wangu," Mama Donata akasema. "Mimba imemushinda. Tunamupeleka wamupasue. Umutesi, samehe, tunasimama kidogo. Wababa wanatuuliza."

"Mbona hasemi?"

"Utasema wewe na mutoto amekukwama ndani? Alilia tangu asubuhi, njo amelala sasa. Umutesi, usiogope, ni askari tu, nao walizaliwa na wamama."

Askari mwengine, mutoto kabisa, akakaribia kipoyi. Wanaume waliendelea kuimba chini-chini. Akaangalia uso. Akaangalia sana. Mama Donata akaingia katikati, akachukua chupa ya maji, akalowesha vidole vyake, akaipakaa ku midomo ya Umutesi.

"Kunywa, mama yangu. Kidogo kidogo. Vile. Tumekaribia."

Maji ikashuka ku kidevu. Ule askari kijana aliona. Sebahire ananiapia kwamba aliona. Mukubwa akauliza kutoka kwa manyasi:

"Anapumua?"

Kijana akasimama pale. Mama Donata hakumuangalia, alikuwa anapanguza kidevu ya mutoto yake.

"Anapumua, chef," kijana akasema. "Fungua kamba."

Wakafungua. Walipita wanaimba, wakazunguka kona, wakaenda mpaka makopo haisikike tena. Pale wanaume wakaacha wimbo, mumoja akaanza kulia wazi-wazi. Julien akamukaribia Mama Donata, akamushika mukono na ule wake wa muzima.

"Mama, tumepita. Unaweza kuacha sasa."

Hakumusikia, ao alikataa kumusikia. Alikuwa anatembea ku upande ya kichwa ya Umutesi, ameinama kidogo, mukono moja juu ya mianzi. Alikuwa anamuonesha njia. Pale ni shule, inasomesha watoto wengi. Pale ni wamama wanatoka shamba, wanakusalimia. Ile ni Sake, mulango ya Goma, angalia, tunaingia Sake. Usilale. Na ile kule chini, ile yenye inangaa, Umutesi, ile ni ziwa.